Daftari la Fundi wa Seva

Jumatatu moja, katika kituo kimoja cha afya kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, ua ulikuwa umejaa watu kabla ya saa mbili asubuhi. Ilikuwa siku ya kliniki ya dawa za ARV. Kina mama wenye watoto mgongoni, wavuvi walioacha nyavu ufuoni, wazee waliopanda matatu ya kwanza, wote walikaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa, na hakuna aliyeitwa. Katika chumba cha rekodi karani alikuwa ameduwaa mbele ya skrini nyeusi yenye mistari myeupe isiyosogea. Seva ilikuwa imegoma kuamka. Ijumaa jioni ilikuwa ikijisasisha yenyewe kama ilivyopangiwa, umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, UPS, kile kifaa cha umeme wa akiba, ikashikilia kwa dakika chache kisha ikazima. Wikendi ikapita. Sasa mashine iliyohifadhi historia ya kila mgonjwa wa kituo kile ilikuwa haina la kusema zaidi ya ile mistari.

Fundi aliyeitwa alikuja kwa bodaboda, mkoba wa ngozi uliochakaa begani. Kila mtu pale alimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, nami sitamwita vinginevyo. Alimkuta kijana aliyetumwa mapema kutoka mjini, fleshi tayari mkononi.

"Jaduong', hii ni ya kufomati tu," kijana alisema. "Nusu saa, mfumo mpya umeingia."

"Sawa, nyathina," mzee akamjibu kwa upole. "Lakini umesoma inasema nini?"

Kijana hakuwa amesoma. Swali lile halijanitoka tangu siku hiyo. Ndani yake umo ufundi mzima ambao nataka kuusifu, na ambao naona unatuponyoka huku tukiutazama.

Mzee alivuta kiti, akavaa miwani, akafungua daftari na kunakili kwa kalamu mstari wa mwisho ulioganda kwenye skrini, herufi kwa herufi, pamoja na namba zake. Mstari ule ulisema kwamba keneli mpya, kile kiini cha mfumo kinachoendesha mashine, haikuweza kuupata mzizi wa diski. Mwishoni mwake palikuwa na sufuri mbili ndani ya mabano. Sufuri hizo zilimpa matumaini: keneli haikusema kwamba diski imeharibika, ilisema haijaiona diski yoyote. Huenda, basi, diski ilikuwa nzima na kilichokosekana ni lile faili dogo linaloisaidia keneli kuona diski wakati wa kuamka.

Baada ya hapo aliwageukia watu. Aliuliza umeme ulikatika saa ngapi. Aliuliza ni nani aliyewasha mashine asubuhi, na kama kuna kitu kilichoongezwa au kuchomolewa chumbani. Aliuliza kwa sauti ya mgeni anayeuliza habari za nyumbani, wala si ya askari. Pakawa kimya kidogo, kisha mama mfanya usafi akasema kwamba Ijumaa alichomeka birika la umeme kwenye UPS kwa kuwa soketi ya ukutani ilikuwa imelegea. Jaduong' akamshukuru, akaandika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na fundi huyu alijua kwamba mtu anayeogopa kufokewa ndiye huyaficha maradhi ya mashine. Wangapi kati yetu tungemshukuru mama yule?

Aliizima seva, akaiwasha tena huku amebonyeza kitufe, hadi ikaja orodha ya keneli zilizomo. Waliounda mifumo hii waliona mbali: keneli mpya inapoingia, ile ya zamani haitupwi, hubaki chini ya orodha ikingoja siku ya shida. Akachagua ya zamani. Mistari ikaanza kushuka, feni zikabadili sauti, na baada ya muda pakatokea mahali pa kuandika jina na nenosiri.

"Imepona!" kijana akasema.

"Imeamka," mzee akamsahihisha. "Kupona bado."

Mbele ya tofauti hiyo ya kuamka na kupona, mafundi wengi wa siku hizi wangefunga mkoba, wakaandika ankara na kuondoka. Jaduong' alichomeka diski ya nje, akanakili hifadhidata yote ya wagonjwa, kisha akaifungua ile nakala na kuhakikisha kwamba inasomeka, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Hapo ndipo alipofungua batli, yale mafaili ambamo mashine huandika kila ilichokifanya na saa iliyokifanya. Alianza chini na kupanda juu. Kifurushi kilipakuliwa, kikafunguliwa, kikaanza kusanidiwa. Mstari wa mwisho wa Ijumaa ulikuwa wa keneli mpya, nao ulisema imesanidiwa nusu. Mistari michache juu yake palikuwa na malalamiko mengine ambayo hakuna aliyeyatarajia: nafasi imekwisha.

Ile sehemu ndogo ya diski iliyotengewa keneli ilikuwa imejaa pomoni. Kila sasisho lilileta keneli nyingine na hakuna aliyeondoa zile kuukuu, zikarundikana mwezi baada ya mwezi. Kumbe hata umeme ungewaka usiku kucha, sasisho lile lingeshindwa tu. Umeme ulikuwa umebebeshwa lawama yote, birika likawa karibu kubebeshwa sehemu yake, na kosa lenyewe lilikuwa limelala mle ndani muda mrefu likingoja siku yake. Kama kijana angefomati, mfumo mpya ungekaa vizuri, watu wangempongeza, na baada ya miezi mingi ugonjwa uleule ungerudi, kwenye mashine ileile, Jumatatu nyingine ya kliniki.

Mzee aliuliza mashine inatumia keneli ipi kwa sasa, akaandika namba yake, akaiwekea mstari chini ili asije akaikata miguu aliyosimamia. Akaondoa nyingine moja moja, si kwa mkupuo. Nafasi ilipopatikana, akaiamuru mashine imalizie vifurushi vilivyoachwa nusu. Ikamalizia. Lakini alipoiambia ichukue orodha mpya ya masasisho, ikakataa.

"Mtandao mbovu," kijana akasema.

Mzee alitazama saa ya mkononi, kisha akatazama skrini. Nje ilikuwa Jumatatu. Kwa seva bado ilikuwa Ijumaa. Orodha za masasisho hutiwa sahihi na tarehe, na mashine inayoamini kwamba leo ni Ijumaa hukataa orodha iliyotiwa sahihi Jumapili. Huiona ni karatasi ya siku ambayo haijafika. Betri ya saa ndani ya seva, kile kidonge bapa cha volti 3 kiitwacho CR2032, ilikuwa imekufa. Mashine ilipokosa umeme, ilisahau saa na kushika ile ya mwisho iliyokumbuka. Ruta nayo ilikuwa imefungiwa njia ya kuuliza saa mtandaoni.

Nilitamani kila mkuu wa ofisi angekuwa chumbani wakati ule. Kliniki ile huishi kwa tarehe. Mgonjwa hupewa dawa za muda fulani na siku ya kurudi; siku ikipita hajaonekana, jina lake huingia katika orodha ya waliopotea, na mhudumu wa afya ya jamii hutumwa kumtafuta kijijini. Mtu anayeishi na virusi, ambaye pengine jirani zake hawajui, anabishiwa hodi kwa sababu ya tarehe. Seva iliyobaki nyuma siku tatu ingeandika mahudhurio ya Jumatatu kuwa ya Ijumaa na kuchanganya siku za kurudi za watu wote waliokuwa kwenye yale mabenchi. Mfumo ungekuwa umewaka, skrini ingekuwa nzuri, na kila ingizo la asubuhi ile lingekuwa la uongo. Jaduong' alitoa kikopo mkobani, ndani yake betri mpya, akaizima seva, akaifungua, akaibadilisha. Akaiwasha, akarekebisha saa, akafungua njia kwenye ruta, akamaliza masasisho. Kisha akaiwasha upya mara nyingine mbele ya macho yake, ili kujua kwamba itaamka akiwa hayupo. Kabla ya adhuhuri majina yakaanza kuitwa.

Hakuondoka hata hivyo. Alikaa kuandika.

Daftari lake ni lile la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Anatumia rangi tatu. Kwa wino wa buluu huandika kile mashine ilichosema, bila kubadili neno. Kwa wino mwekundu huandika alichokifanya, hatua kwa hatua, pamoja na saa. Na kwa penseli huandika anachokisia. Nilimuuliza kwa nini penseli, akaniambia kwamba dhana ina haki ya kufutwa, lakini kilichoonekana na kilichotendwa havina. Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye elimu ambamo wino wa buluu na penseli vimechanganywa, na msomaji asijue mwandishi aliona au alidhani.

Aliniruhusu kufunua kurasa za nyuma. Mlikuwa na usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipofunika karibu nchi nzima, na orodha ya vituo alivyozungukia siku zilizofuata, kila kimoja na ugonjwa wake. Mlikuwa na radi za Aprili. Mlikuwa na feni iliyozibwa na wale wadudu wa ziwani ambao wakazi wa ufuoni tunawajua, wanaokuja kwa mawingu kufuata taa. Seva ilikuwa ikipata joto, ikijizima katikati ya kila sasisho, na watu wawili kabla yake walikuwa wamebadilisha mfumo mzima bila kufungua kifuniko. Mlikuwa na mwaka 2019, Ubuntu 14.04 ilipofikisha miaka mitano na kuacha kupewa masasisho ya kawaida, na hofu ya kuhamisha mashine za kliniki bila kuwakatiza wagonjwa. Pembeni mwa ukurasa mmoja palikuwa na dhana ya penseli iliyofutwa, na juu ya alama yake, kwa wino wa buluu, jibu lililopatikana baadaye. Sijui shule gani mjini humu Kisumu inayofundisha unyenyekevu wa namna hiyo.

Ukurasa wa siku ile aliumaliza kwa maagizo kwa atakayekuja baada yake: betri za saa za seva zote zikaguliwe, birika lipatiwe soketi, ile sehemu ya keneli itazamwe kila mwezi. Aliandika akimfikiria mtu asiyemjua. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi unapokamilika. Anayetengeneza na kukaa kimya amekitengeneza kitu kimoja tu.

Mji huu ulizaliwa mikononi mwa watu wa aina ya Jaduong'. Kabla hata reli haijafika hapa Desemba 1901, meli ya William Mackinnon ilikuwa imeletwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaunganishwa kando ya ziwa na kushushwa majini mwaka 1900. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyesoma alama iliyo kwenye kipande alichoshika. Baadaye ikaja karakana ya reli na gati ya kutengenezea meli, na vizazi vya mafundi waliojua mlio wa injini kabla ya kuigusa. Meli ya MV Uhuru ilikaa bila kazi zaidi ya mwongo mmoja, na mwaka 2019 ikafufuliwa, kwa kuwa bado walikuwapo watu waliokubali kushuka chini ya sitaha na kutafuta kilichokufa na kilicho hai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hata mfumo uliokuwa kwenye seva ile una ukoo wake huku kwetu. Mfumo huo, KenyaEMR, umejengwa juu ya mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS, na mizizi ya OpenMRS iko katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, ambako mwaka 2001 rekodi za wagonjwa zilianza kuwekwa kwa kompyuta kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana. OpenMRS yenyewe ikaanza 2004. Kwa hiyo anayeitunza seva ya kliniki huku Nyanza anatunza kitu kilichochipuka jirani, wala hana sababu ya kukishika kama mtumishi aliyeazimwa chombo cha watu.

Nakumbuka pia masasisho yalivyokuwa kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua, na hakuna aliyethubutu kupakua mfumo mzima kwenye saiba za Oginga Odinga Street. Ubuntu ilikuwa na huduma ya kutuma CD bure kwa posta, iliyoanza 2005 na kufungwa 2011. Uliomba, ukasahau, ukaenda posta kwa shughuli nyingine ukakuta bahasha. CD moja ilizunguka mji mzima. Waliokuwa nayo walijulikana kwa majina, na aliyeiazima alirudi na habari: kwenye mashine fulani iligoma hapa, nikapita pale. Masasisho yalibebwa kwenye diski ya nje kutoka ofisi hadi ofisi, na aliyeyabeba aliijua kila mashine. Kwa kuwa sasisho lilikuwa adimu, lilishikwa kwa mikono miwili. Uliuliza linaleta nini, linaondoa nini, na likikwama utarudi kwa njia ipi. Leo linakuja usiku lenyewe, na mwenye mashine hajui kwamba limekuja hadi asubuhi asikie kwamba limeshindwa.

Sisemi turudi kwenye CD, wala sisemi masasisho yazimwe. Wapo walioamua hivyo, wanaoifungia seva yao masasisho wasije wakapata Jumatatu ya namna ile, nao wanajichimbia shimo kubwa zaidi. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu katika Windows. Waliokipuuza walijuta tarehe 12 Mei mwaka huohuo, WannaCry ilipopenya katika tundu hilo, ikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za umma za Uingereza zikawarudisha wagonjwa nyumbani. Upande wa pili, tarehe 19 Julai 2024, faili moja bovu la CrowdStrike lilisambazwa kwa mashine za Windows duniani, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka kwa pamoja. Ndege zikabaki viwanjani. Dawa yake ilikuwa nini? Kwa mashine nyingi ilibidi mtu aende hadi ilipo, aiamshe katika hali ya usalama, na afute kwa mkono faili lile moja lililojulikana kwa namba. Siku ile makampuni tajiri kuliko yote yalimtafuta mtu anayejua kukaa mbele ya skrini nyeusi na kusoma. Kukataa sasisho ni hatari, kulipokea kwa macho yaliyofumbwa ni hatari, na katikati ya hatari hizo mbili anasimama fundi mwenye daftari.

Ndiye tunayempoteza. Neno linalotawala sasa katika maduka na ofisi zetu ni lile la kijana yule: fomati. Simu ikichelewa, fomati. Seva ya shule ikigoma wiki ya mitihani, fomati. Muunda mashua wa ufuo wa Dunga akiona maji sakafuni haichomi mashua. Hupekua ubao kwa ubao mpaka aone yanapoingilia. Vijana wetu wenye vyeti vya kompyuta wanafundishwa kuchoma, tena kwa sifa, kwa kuwa kuchoma kuna haraka na mteja huona kitu kipya. Hawafundishwi kuuliza maji yaliingilia wapi.

Nimesikia wanavyojitetea, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba katika vituo vikubwa vya data duniani seva ikiugua huvunjwa na nyingine kusimamishwa mahali pake kwa dakika, na hakuna anayeililia. Ni kweli. Lakini kule kila kitu cha seva ile kimeandikwa mahali, tangu vifurushi hadi mipangilio, na batli zake zimehifadhiwa mahali pengine kabla haijavunjwa, ili wengine wachunguze kilichoiua. Wanaweza kuvunja kwa sababu wamekwisha kuandika. Sisi tumeiga kuvunja tukaacha kuandika. Mashine za vituo vyetu zimebeba mipangilio ambayo haiko popote isipokuwa ndani yake na kichwani mwa mtu mmoja aliyehamishwa kwenda kaunti nyingine. Ukiifuta, umefuta kumbukumbu ya pekee.

Halafu kuna wimbi la kuhamisha kila kitu kwenda kwenye wingu. Tangu Microsoft ilipofungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafuata Cape Town 2020, ofisi nyingi zinaambiwa kwamba shida ya seva imekwisha. Zilipe kila mwezi na kulala. Baadhi ya kazi zinafaa kwenda huko. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki ilidhoofika kwa siku kadhaa, na kliniki yenye seva yake chumbani iliweza kuendelea kuwahudumia watu wake, kwa kuwa haikuhitaji kuuliza bahari ruhusa ya kufungua faili la mgonjwa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Seva inapohama kijijini, fundi naye huhama au hunyauka, na siku wingu litakapokataa hatutakuwa na mtu wa kuuliza kwa nini.

Kuna jambo lililoniuma kuliko yote. Katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja, chumba cha seva kilipakwa rangi na kuwekewa makabati mapya. Madaftari ya fundi aliyestaafu, kazi ya miaka mingi, yalitolewa pamoja na nyaya mbovu na kibodi zilizovunjika, yakaenda na takataka. Hakuna aliyeyafunua. Aliyeagiza yaondolewe alisema kwamba sasa kila kitu kiko kwenye mfumo. Mfumo upi? Kwenye mfumo hakuna penseli iliyofutwa, hakuna habari ya feni na wadudu, hakuna maagizo kwa atakayekuja. Watu wanaojenga makumbusho kwa ajili ya mitego na vinu vya wazee wao wametupa jalalani maarifa ya mtu aliye hai, anayekaa mwendo mfupi kutoka ofisi ileile na ambaye hakuna aliyempigia simu kumuuliza.

Nasikia husemwa kwamba vijana hawana subira. Sikubaliani. Yule kijana wa fleshi alibaki chumbani hadi mwisho, na nilimwona akiinama juu ya daftari wakati mzee akiandika, midomo yake ikifuata maneno. Kilichokosekana kwake hakikuwa subira. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mashine husema, na kwamba isemayo husomwa. Alifundishwa kusimika mfumo kwenye kompyuta mpya darasani, akafaulu mtihani, akapewa cheti. Hakupewa hata siku moja mashine iliyoanguka na kuambiwa atafute kilichoiangusha. Lawama hiyo ni yetu tuliotangulia.

Kwa hiyo nina maombi machache. Kwa walimu wa Kisumu National Polytechnic, wa Maseno, wa chuo kikuu cha Bondo na wa kila chuo cha ufundi pwani hii ya ziwa: mpeni mwanafunzi seva iliyokatika umeme katikati ya sasisho, mnyime ruhusa ya kufomati, na mumpe alama kwa kile atakachoandika, si kwa mashine kuwaka tu. Kwa wakuu wa vituo vya afya, shule na ofisi za kaunti: kila seva iwe na daftari lake na mtu anayelijibia, na betri ya saa ya akiba, ambayo bei yake haifikii nauli ya kumleta fundi. Anayestaafu akabidhi daftari lake mbele ya watu, kama anavyokabidhi funguo. Na kwako wewe unayeanza kazi hii: mafundi wa aina ya Jaduong' wangalipo Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, nao hawajachoka kuulizwa. Nenda ukakae nao sasa, wangali na nguvu za kukuonyesha.